Uliza Fundi wa Gemu: Wachezaji Wanne, Draiva Moja

Karibu maswali yote ya safari hii yametoka kwa watu wanaosubiri sehemu ya pili ya gemu ya kucheza pamoja. Majina ya gemu ambazo bado hazijatoka tumeyaacha, kwa kuwa yaliyoulizwa yanahusu yoyote kati ya hizo.

SWALI: Fundi, tuko wanne na sehemu ya kwanza tumeimaliza mara mbili. Sehemu ya pili inakuja, na ukurasa wake dukani unasema itasakinisha programu ya kuzuia udanganyifu inayofanya kazi ndani ya kerneli. Mwenzetu mmoja amegoma, anasema hanunui. Gemu yenyewe ni ya kupigana na madubwana, hatushindani na mtu. Mwenzetu anatia chumvi?

JIBU: Hatii chumvi, ila inafaa ajue anachokikataa hasa.

Prosesa huzigawa programu kwa ngazi. Kivinjari chako na gemu yenyewe hukaa ngazi ya 3, ambako kila kinachotaka kugusa diski au kumbukumbu ya programu nyingine sharti kibishe hodi kwa Windows. Draiva, programu inayofanya kazi ndani ya mfumo wenyewe kama hiyo ya kuzuia udanganyifu, hukaa ngazi ya 0, yaani kwenye kerneli, chumba kimoja na Windows yenyewe. Gemu ikikosea, dirisha linafungika na unaifungua upya. Draiva ikikosea, kompyuta nzima inaangukia skrini ya bluu. Tarehe 19 Julai 2024 faili moja mbovu ya sasisho la CrowdStrike, ambayo ni programu ya usalama wala si ya gemu, iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa sababu draiva yake ilikuwa ngazi hiyo hiyo.

Hatari ya pili ni draiva yenye saini halali, inayoifanya Windows iiamini, na tundu ndani yake. Septemba 2016 sasisho la Street Fighter V lilileta capcom.sys, draiva iliyoruhusu programu yoyote kuendesha maagizo yake ndani ya kerneli. Iliondolewa haraka. Mwaka 2022 ikawa zamu ya mhyprot2.sys ya Genshin Impact: wahalifu waliitumia kuzima antivirusi kabla ya kufunga faili za watu ili wadai pesa. Hapa mwenzenu asikilize vizuri. Wahalifu hao waliibeba draiva wenyewe hadi kwenye mashine ambazo hazikuwahi kuwa na gemu hiyo, kwa hiyo kukataa kununua gemu hakuzibi tundu la aina hii. Kinachoziba ni Windows kuiorodhesha draiva kuwa haramu.

Watengenezaji nao wana hoja: wadanganyifu wameshahamia ngazi ya 0, na mlinzi (yaani programu ya kuzuia udanganyifu) aliyekaa ngazi ya 3 hawaoni. Katika gemu ya kushindana, hoja hiyo ina uzito. Katika gemu ya watu dhidi ya kompyuta, naiona nyepesi. Helldivers 2, ya watu wanne dhidi ya maadui wa kompyuta, ilitoka Februari 2024 ikiwa na mlinzi wa kerneli aitwaye GameGuard. Angalau pale kuna vita ya pamoja ambayo matokeo ya kila timu huhesabiwa kwa wote, na kuna sarafu ya ndani inayouzwa kwa pesa halisi. Kama gemu yenu haina soko wala msimamo wa pamoja, mdanganyifu atamwibia nani zaidi ya watatu aliowaalika mwenyewe?

Kabla hamjagombana, tafuteni majibu mawili. La kwanza: draiva inaamka lini? Vanguard, mlinzi wa kampuni ya Riot, huamka pamoja na Windows, hata siku ambayo hukufungua gemu. Walinzi wengine, Easy Anti-Cheat na BattlEye, kwa kawaida huamka gemu inapofunguliwa na kulala inapofungwa. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. La pili: je, kuna njia ya kucheza bila mlinzi? Elden Ring, kwa mfano, hukubali kufunguka bila Easy Anti-Cheat, ila unakuwa nje ya mtandao.

Na ikiwa gemu inaruhusu wa kompyuta kucheza na wa konsoli, mwenzenu anunue ya konsoli. Kule hakuna draiva ya mtu mwingine inayoingia kwenye kerneli yake, na timu inabaki wanne. Kama anatumia Linux, aulize mapema: tangu 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye zinaweza kufanya kazi kupitia Proton (zana ya Steam ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux), lakini mwenye gemu ndiye anayewasha, na anaweza kuzima pia. Apex Legends iliwafungia mlango watumiaji wa Linux Oktoba 2024.

Malalamiko nayo huwa yanasikika. Doom Eternal iliongezewa mlinzi wa kerneli tarehe 14 Mei 2020, na haikupita wiki moja watengenezaji wakatangaza kumwondoa.

SWALI: Wengine wanasema tatizo kubwa ni Denuvo. Hiyo siyo hiyo hiyo?

JIBU: Mlinzi humchunguza mchezaji. Kufuli, yaani kinga dhidi ya nakala za wizi, huichunguza nakala ya gemu. Denuvo ni kampuni ya Austria iliyojulikana kwa kufuli, lililoanza na FIFA 15 mwaka 2014. Baadaye ikauza na mlinzi pia, ndiye yule wa Doom Eternal, na hapo ndipo majina yalipochanganyika. Kufuli lake haliingii kwenye kerneli. Limefumwa ndani ya faili ya .exe, na mara ya kwanza unapofungua gemu huomba tiketi kutoka kwenye seva, tiketi iliyofungwa kwa vifaa vya kompyuta yako.

Matatizo yake basi ni ya tiketi. Gemu ile ile ikifunguliwa kwenye mashine zaidi ya tano ndani ya saa 24, inagoma mpaka muda huo upite. Kwenye Linux, kila toleo la Proton unalojaribu linaweza kuhesabiwa kuwa mashine mpya, hivyo anayebadilisha matoleo akitafuta lililo jepesi hujifungia nje mwenyewe. Prosesa za Intel za kizazi cha 12 zilipotoka Novemba 2021, viini vyake vikubwa na vidogo vilisomwa na kufuli kama kompyuta mbili, na gemu zipatazo hamsini zikagoma au kuanguka. Dawa ya muda ilikuwa kuwasha modi fulani kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows) na kubonyeza Scroll Lock ili viini vidogo vilale. Kitufe ambacho watu walikuwa wamekisahau kikapata kazi!

Kuhusu kasi, msimtupie Denuvo kila kigugumizi. Resident Evil Village ya 2021 ilikuwa ikikwama adui anapopigwa risasi, na sasisho la Julai mwaka huo likaimaliza kero. Pale palikuwa na tabaka mbili za kinga, ya Denuvo na ya Capcom yenyewe, moja juu ya nyingine. Kipimo cha haki ni gemu ile ile kabla na baada ya kuondolewa kufuli, kwenye mashine ile ile, tena ukiangalia vilele vya muda wa fremu badala ya wastani wa fremu kwa sekunde. Wastani huficha kigugumizi.

Mkipanga kukutana sehemu isiyo na intaneti, kila mtu afungue gemu kwake kwanza, afike mpaka ndani ya mchezo na si kwenye menyu tu, ndipo afunge. Baada ya hapo asisasishe kitu chochote njiani.

SWALI: Gemu inadai Secure Boot (ukaguzi wa programu za kuwashia kompyuta) na TPM 2.0 (kihifadhi cha funguo za usalama). Nimeingia BIOS, nikazima CSM na kuwasha Secure Boot. Sasa kompyuta haioni Windows kabisa. Nimeiharibu?

JIBU: Hujaiharibu. Rudi BIOS, washa CSM (hali ya kuwasha kompyuta kwa mtindo wa zamani) tena, na Windows itarudi ilipokuwa. Diski yako imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na bila CSM kompyuta hutafuta diski ya mtindo wa GPT. Ulianza na hatua ya mwisho.

Anza hivi. Windows ikishawaka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Mstari wa BIOS Mode ukisema Legacy, diski ni MBR. Ukisema UEFI, yaani mtindo mpya wa kuwasha, ruka sehemu ya kubadilisha diski.

Kabla ya lolote, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa. Ikiwa imewashwa, simamisha ulinzi wake kwa muda na uandike mahali pembeni ufunguo wa kurejesha, ule wa tarakimu 48. Anayegusa Secure Boot au TPM bila kufanya hivyo hukutana na skrini ya bluu inayoomba ufunguo, na kama ufunguo umehifadhiwa kwenye kompyuta hiyo hiyo, ndiyo umekwisha.

Sasa fungua dirisha la amri kama msimamizi. Hakikisha namba ya diski kwenye Disk Management, mara nyingi ni 0, kisha andika:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, sababu ya kawaida ni diski kuwa na sehemu kuu zaidi ya tatu: chombo hiki kinahitaji nafasi ya kuunda sehemu mpya ya kuwashia. Kuna sehemu ndogo ya urejeshaji iliyoachwa na mtengenezaji wa kompyuta ambayo huwa ndiyo mchawi.

Ubadilishaji ukiisha, usiache kompyuta iwake tu yenyewe. Ingia BIOS moja kwa moja, zima CSM, hifadhi, acha Windows iwake mara moja. Ikiwaka salama, rudi BIOS na uwashe Secure Boot. Bao mama zingine huonyesha imewashwa huku Windows ikisema imezimwa. Hapo funguo za kiwandani hazijapakiwa, tafuta chaguo la kuzirejesha. TPM kwenye Intel hujificha kwa jina la PTT, kwenye AMD fTPM. Mwenye Ryzen asasishe BIOS kwanza, kwa kuwa AMD ilikiri mwaka 2022 kwamba fTPM ilikuwa ikisababisha vigugumizi vya muda mfupi, na dawa ikaja kupitia sasisho la BIOS.

Mwisho, tahadhari ya kadi ya picha. Kadi za zamani sana hazina programu ya UEFI ndani yake, na CSM ikizimwa skrini inabaki nyeusi hata BIOS huioni. Ikikutokea, zima umeme, toa betri ya bao kwa dakika chache, irudishe. Mipangilio inarudi mwanzo. Ila kama ulikuwa umeshabadilisha diski, weka hali ya kuwasha iwe UEFI huku CSM ikibaki imewashwa: Windows itawaka, ila Secure Boot hutaipata mpaka ubadilishe kadi.

SWALI: Tangazo linasema "kucheza pamoja na marafiki". Sisi tunataka watu wawili, kochi moja, skrini moja. Tuamini?

JIBU: Msiamini neno "pamoja". Kwenye ukurasa wa Steam kuna alama tofauti kwa kushirikiana mtandaoni, kushirikiana kwa skrini moja, na kushirikiana kwa mtandao wa ndani. Alama ya skrini moja isipokuwepo, hesabuni haipo, hata kama mtengenezaji alisema jukwaani itakuwepo. Halo 5 ilipotoka bila skrini ya kugawanywa, ahadi ikatolewa mwaka 2017 kwamba Halo zijazo za aina hiyo zitakuwa nayo. Halo Infinite ikatoka Desemba 2021 bila hata ushirikiano wa mtandaoni kwenye kampeni. Huo ulikuja Novemba 2022, na kampeni ya skrini iliyogawanywa ilikuwa imeshafutwa miezi miwili kabla.

Idadi nayo isomwe. Elden Ring Nightreign ilitoka Mei 2025 ikiwa ya mtu mmoja au watatu. Wawili walilazimika kuongezewa mgeni mpaka sasisho la mwisho wa Julai. Monster Hunter: World hapo mwanzo ilimwongezea dubwana uhai kwa kiwango kimoja tu, muwe wawili au wanne, kwa hiyo wawili walipiga kazi ya wanne. Nyongeza yake, Iceborne, ndiyo ilileta kiwango cha wawili. Na kwenye gemu hiyo hiyo, rafiki hawezi kuingia kwenye misheni ya hadithi mpaka mwenye misheni amalize kutazama sinema yake (kipande cha hadithi cha kutazama tu), na kama rafiki naye bado hajaifikia, kila mmoja anaanza peke yake, anatazama, kisha mmoja anatoka na kumfuata mwenzake. Ukiona mapitio yanasema "ushirikiano kamili", uliza kuhusu sinema.

Ulizeni pia maendeleo yanahifadhiwa kwa nani. Kuna gemu ambazo mgeni anaondoka na silaha na uzoefu, lakini milango aliyofungua inabaki kwenye faili ya mwenyeji. Kuna ambazo haondoki na kitu.

Gemu ikiwa na skrini moja ila mwenzako yuko mbali, Remote Play Together ya Steam inamwingiza bila kununua: gemu inaendeshwa kwako, yeye anapokea video na kutuma vitufe. Tengeni kama megabiti 10 kwa sekunde za kupakia kwa kila mgeni ili picha isivunjike. Kwa wanaotaka uhakika wa watu wawili, It Takes Two na Split Fiction zinahitaji nakala moja tu, mgeni anapakua pasi ya bure.

SWALI: Nikiwa mwenyeji, wawili wanaingia na mmoja hawezi. Akiwa mwenyeji mwingine, wote tunaingia. Ruta yangu mpya!

JIBU: Upya wa ruta haupunguzi kitu. Gemu nyingi za ushirikiano hazina seva ya katikati: kompyuta ya mwenyeji ndiyo seva. Ruta yako ikiwa kali, yaani inawazuia wanaotaka kuingia kutoka nje, huunganika na wenye ruta wazi, lakini hukosana na mwenye ruta kali kama yako.

Fungua ukurasa wa ruta uone anwani ya upande wa intaneti, kisha linganisha na anwani inayoonyeshwa na tovuti ya kutazama IP. Zikifanana, washa UPnP (inayoiruhusu gemu kufungua milango ya ruta yenyewe), zima na uwashe ruta, jaribu tena. Zisipofanana na ya kwenye ruta ikianza na 192.168 au 10, huenda una ruta mbili zilizofuatana, kwa hiyo ifanye ya pili iwe ya kusambaza Wi-Fi tu. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia hata ukifungua yote. Omba anwani yako ya umma, au mwachie uenyeji yule mwenzako.

SWALI: Nimefuta gemu. Draiva yake imeondoka?

JIBU: Si lazima. Fungua dirisha la amri, lile la cmd. Usitumie PowerShell, kwani kwenye ile inayokuja na Windows neno sc lina maana nyingine, na badala ya jibu utajikuta umeunda faili iitwayo query. Andika sc query EasyAntiCheat_EOS, halafu sc query BEService, halafu sc query vgk. Jibu la kosa 1060 maana yake huduma hiyo haipo. STOPPED maana yake ipo imelala. RUNNING wakati hakuna gemu iliyofunguliwa, hiyo ichunguze.

Vanguard huondolewa peke yake kwenye orodha ya programu za Windows. BattlEye ina faili ya Uninstall_BattlEye.bat ndani ya folda ya gemu, kwa hiyo iendeshe kabla hujafuta gemu. Kama una gemu nyingine inayotumia mlinzi huyo huyo, mwache, la sivyo itakataa kufunguka.

SWALI: Ninunue sasa hivi kabla haijatoka, au nisubiri?

JIBU: Subiri. Gemu haitaisha dukani. Ukishindwa kusubiri, nunua Steam: unaweza kurudishiwa pesa wakati wowote kabla haijatoka, na baada ya kutoka una siku 14 mradi hujacheza saa mbili. Tangu Aprili 2024, saa ulizocheza kwenye ufunguzi wa mapema wa waliolipa zaidi nazo zinahesabiwa. Siku ya kwanza tumia saa hizo kwa mambo matatu: je, wote wanne wanaingia, mlinzi anaamka lini, na je, kuna akaunti ya ziada inayodaiwa.

Hilo la akaunti lisomwe kwenye ukurasa wa duka hata kama kwenye gemu kuna kitufe cha kuliruka. Wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waliliruka tangu Februari. Mei 2024 Sony ikatangaza kwamba akaunti ya PSN (mtandao wa PlayStation) sasa ni lazima, wakati PSN haipatikani katika nchi nyingi. Mauzo yakafungwa katika nchi na maeneo zaidi ya 170, na ingawa agizo liliondolewa ndani ya siku chache baada ya kelele za wachezaji, kufunguliwa kwa mauzo hakukwenda kwa kasi hiyo hiyo. Taarifa kwamba gemu ina mlinzi wa kerneli nayo iko kwenye ukurasa huo huo. Steam iliifanya kuwa lazima Oktoba 2024, na huwekwa upande wa kulia, chini ya alama za kushirikiana.